Nguzo Kumi na Tisa za Nyumba ya Wakonyo

Ruiru, 14 Machi 1954

Kwa mpwa wangu Zacharia, mtoto wa dada yangu Njambi,

Nyumba ya nyanya yako nimeipima yote. Nimeipima kwa siku moja, kuanzia umande mpaka mbuzi kurudi zizini, nje na ndani, na hakuna inchi iliyonikimbia. Mwambie huyo bwana wako wa York kwamba Ruiru kuna mzee aliyesoma miaka miwili tu kwa wamisheni, lakini kwa kupima nyumba anawashinda vijana wake wote.

Umeshamwambia? Kama bado, ngoja kwanza, maana si kweli. Sijapima hata jiwe la jikoni. Wacha tusalimiane, halafu nitakueleza.

Huku sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limejitangazia uhuru. Neno hilo nalirudisha, kabla mtu hajakasirika. Ngendo mke wangu anakusalimu, na anauliza kama ni kweli huko watu hula samaki juu ya gazeti, na kama habari za gazeti hazishiki kwenye samaki. Mvua bado. Barua hii naipeleka posta ya Thika kwa mkono wa Muasya, yule Mkamba wa shamba la mkonge. Yeye hupita barabarani bila kuulizwa sana, lakini mimi Mkikuyu, tangu hali ya hatari itangazwe, nikitaka kufika darajani tu nahitaji karatasi tatu na uso wa huzuni.

Naandika Kiswahili, hiki nilichookota nikibeba mizigo ya jeshi katika vita vya kwanza vya Mjerumani, kwa sababu barua za Kikuyu hukaa ofisini mwezi mzima zikitafutiwa mtu wa kuzinusa. Basi salamu kwako pia, bwana unayeifungua hii kabla ya mpwa wangu. Ukimaliza, ibandike vizuri. Ile ya Januari ilimfikia imebandikwa kama kwa uji.

Sasa jambo lako. Uliandika kwamba bila nyumba moja ya kwetu iliyopimwa sawasawa hutapewa karatasi yako ya mwisho wa mwaka, na kwamba umechagua nyumba ya nyanya yako Wakonyo, kwa sababu ndiyo ya zamani kuliko zote ulizowahi kulala. Nilikwenda na kamba. Mama yangu alikuwa uani anachambua maharagwe.

"Kamba ya nini?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi yuko wapi?"

Nikaona nimekwama, nikasema kweli. "Zacharia anataka kujua ukubwa wa nyumba yako. Wazungu wa huko wanataka kuiandika, isije ikapotea."

"Haijapotea," akasema. "Mimi niko ndani yake."

Halafu akanikumbusha jambo ambalo wewe hukulijua kwa kuwa hukuwa umezaliwa. Walipokuja watu na mnyororo wa chuma kupima bonde la chini, walihitaji mtu wa kuwashikia ncha. Baba yangu Muigai akaishika, siku nne, wakampa chumvi, akarudi nyumbani anatembea kama chifu. Misimu miwili baadaye bonde lilikuwa kahawa ya mtu, na Muigai alikuwa mle ndani anapalilia. "Kilichopimwa," mama akaniambia, "kimekwisha chukuliwa. Peleka kamba yako kwa mbuzi."

Basi kamba iko kwa mbuzi. Chagua nyumba nyingine, au mama mwingine.

Mjomba wako,
Kang'ethe wa Muigai


York, Uingereza, 11 Aprili 1954

Mjomba wangu Kang'ethe,

Pokea salamu nyingi, wewe na Ngendo na nyanya. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea. Mama mwenye nyumba ninamopanga ni mtu mwema, hunipa mkate na siagi, na karibu kila asubuhi huniuliza kama kwetu tuna madirisha. Samaki na gazeti ni kweli. Habari hazishiki, ila wino hushika.

Nilicheka nikisoma habari ya mbuzi, halafu nilipofika kwa babu Muigai na ule mnyororo nikaacha. Hukunihadithia hilo kamwe. Nami nina jambo ambalo sikukwambia. Watu wa kanisa walipokuwa wananiaga pale Ruiru, walisema nakwenda kuwa fundi mkuu wa majengo ya kale, na mimi sikuwakatalia. Ukweli ni kwamba tangu nifike, wengine ndio wanaopima na kuchora. Mimi nashika ncha ya kamba.

Lakini naona mengi. Sasa tuko kwenye ghala la nafaka nje ya mji, la mbao tupu, limesimama zaidi ya miaka mia nne. Barabara mpya itapita pale, kwa hiyo ni lazima liondoke. Hawalibomoi hivi hivi. Kila mti unakatwa alama ya namba yake kwa patasi, unachorwa, unapakiwa kwenye lori, kisha unasimamishwa mahali pengine, wa kwanza pa kwanza, wa pili pa pili. Bwana Hartley, mkubwa wetu, husema jengo lililotiwa namba halijafa, limelala tu.

Nyanya asilazimishwe. Lakini mimi sina nyumba nyingine, mjomba. Natakiwa kupeleka mchoro kabla ya Krismasi.

Magazeti ya huku yanasema mambo mengi juu ya kwetu. Mko salama?

Mpwa wako,
Zacharia


Ruiru, 27 Juni 1954

Kwa mshika ncha wa York,

Kwa hiyo umevuka bahari na jangwa, ukala mikate ya watu, ili kushika kile ambacho babu yako alikishika hapa hapa kwa chumvi tu. Usikasirike. Nimewaambia watu wa kanisa kwamba sasa una vijana sita chini yako. Ukirudi, tafuta sita.

Ngendo mzima. Goti bado kaidi. Muasya amepata mtoto wa kike na amekataa kumwita jina langu, eti ni la kiume.

Uliuliza kama tuko salama. Tuko karibu karibu sana, hilo naruhusiwa kulisema. Amri imekuja kwamba kilima chetu chote kihamie kijiji kimoja huko chini, kila mtu abomoe nyumba yake kwa mkono wake kabla ya Jumamosi. Asiyebomoa atabomolewa kwa kiberiti. Miti tumeambiwa tunaweza kuibeba.

Nilikaa na amri ile siku nzima sina la kufanya. Nilimwendea mkubwa wa homugadi, walinzi wa serikali wa hapa kwetu, yule niliyemfundisha kutega panya akiwa mtoto, nikamwambia mama yangu ni mzee, mwacheni afie pake. Akaniambia, "Mzee, hata mimi mama yangu anahama." Nikarudi, nikaisoma barua yako upya, nikafika pale penye ghala. Nikachukua panga, nikaenda kwa mama.

"Watu wa Zacharia wana njia," nikamwambia. "Tutaitia namba. Tutaisimamisha huko chini vilevile."

Akalitazama lile panga. Halafu akasema, "Sasa pima. Imekwisha chukuliwa, kipimo hakitaidhuru tena."

Basi safari hii nimepima kweli, na Ngendo ni shahidi. Nguzo za nje ni kumi na tisa. Ya kwanza nimeikata mkato mmoja, ya pili miwili, mpaka ya kumi na tisa ambayo imebaki kama sega. Zile nne za ndani zinazozunguka moto nimezikata msalaba mmoja mmoja. Kwa kuwa kamba yenye alama za inchi sina, nimepima kwa mguu wangu wa kulia, kisigino kwa kidole. Ili bwana Hartley asipate shida, nimeuweka mguu juu ya karatasi na Ngendo akauzungushia mstari wa mkaa. Umo ndani ya bahasha. Umeoshwa.

Vipimo vyote nimeviandika kwenye karatasi ya mwisho, mbele na nyuma: kitanda cha nyanya yako, stoo yake, kona wanapolala mbuzi, mlango, kila kitu.

Jumamosi tutabeba miti, na mama atabeba moto wake ndani ya kigae. Unajua sharti letu. Nyumba husimama siku moja, na jioni hiyo hiyo moto wa nyumba ya zamani uwake ndani yake. Isiyolala na moto siku yake ya kwanza si nyumba, ni kibanda cha kuku. Nimepata wanaume wanane. Tutaweza.

Kang'ethe


York, 1 Agosti 1954

Mjomba mpendwa,

Salamu kwenu nyote. Kwa mtoto wa Muasya pia, na hongera kwa kuliepuka jina.

Mguu umefika. Bwana Hartley aliutazama, akaupima kwa rula, akaandika pembeni "inchi kumi na robo", akautia kwenye faili. Mguu wako umehifadhiwa York, mjomba, pamoja na milango ya makanisa. Akasema pia kwamba hajapata kuona vipimo vilivyotumwa kutoka mbali vikiwa na akili kama hivi. Na kwa mara ya kwanza nimepewa meza na kalamu zangu mwenyewe. Kamba ameishika mwingine.

Lakini karatasi ya vipimo imefika na dirisha. Mtu ameikata kwa wembe, mistari kama minne. Sijui ulikuwa umeandika nini mbele, ila nyuma ya mistari hiyo ndipo palipokuwa na mlango. Nina kila kitu isipokuwa mlango. Niandikie tena, upana na urefu tu.

Na niambie ile Jumamosi. Ilisimama siku hiyo hiyo? Nyanya aliwasha moto? Nimeifikiria sana jioni ile, nikawa naona moshi unavyotoka juu ya nyasi mpya. Usinifiche.

Zacharia


Ruiru, 24 Oktoba 1954

Kwa Zacharia,

Sisi hatujambo. Ngendo amekonda kidogo, jambo ambalo alilitamani tangu tuoane. Nyanya yako anakusalimu sana, anasema uvae sweta na usioe huko. Mvua za vuli zimeanza.

Barua yako imekaa nami bila jibu kwa sababu nilialikwa mahali. Siku kumi na saba, chakula bure. Tangu niachiwe, mkono wangu wa kuandikia ulikuwa mzito, sasa umepona. Bwana msomaji, usichukue wembe, hii ni hadithi ya miti tu.

Jumamosi ile tulifika na nguzo zetu zote kumi na tisa na zile nne. Mama yuko mbele na kigae chake, anapuliza makaa kila hatua kumi. Kufika, tukaambiwa kwanza ni handaki. Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, achimbe handaki la kuzunguka kijiji, nyumba baadaye. Miti yote ikawekwa rundo moja, ya kila mtu, maana nyumba zitakuwa za saizi moja, kwenye mstari, na atakayejenga atachukua wa juu.

Nikasema, hapana, hii yangu ina namba. Hapo ndipo nilipokosea, Zacharia. Ningenyamaza.

Haikuleta taabu siku hiyo. Ilikaa mpaka mwisho wa Agosti, kukaja mtu mpya wa kukagua, kijana, si wa hapa. Akaona ile nguzo ya kumi na tisa.

"Hii mikato ni ya nini?"

"Namba."

"Namba za nani?"

"Za miti."

"Tangu lini miti ikaandikishwa? Nani amekufundisha?"

"Ni Uingereza," nikasema. "Huko ndivyo wafanyavyo. Nyumba ikiwa ya zamani wanaitia namba, wasimamishe upya. Mpwa wangu yuko huko anafanya kazi hiyo."

Akawaambia wenzake, mnamsikia mzee. Yeye alikuwa ameshahesabu kwamba ni watu kumi na tisa waliokula kiapo cha watu wa msituni, na wakubwa wanne wenye msalaba, na akataka majina. Nilimpa. Nguzo ya kwanza nikaiita Mathayo, ya pili Marko. Tulipofika Matendo ya Mitume akaelewa kwamba namchezea. Siku saba nilizokuwa nimepewa za kufungwa zikawa kumi na saba.

Sasa nakaa kwenye mstari wa tatu. Nikitembea kijijini nazisoma. Namba tano iko nyumba ya pili kutoka kisimani, imepinduliwa kichwa chini. Kumi na mbili na kumi na tatu zimeshika choo. Msalaba mmoja umesimama kwenye mnara wa walinzi. Kumi na tisa sikurudishiwa, nadhani ni ushahidi mahali fulani. Sijaweza kuhamisha hata moja. Ukigusa nguzo ya nyumba ya mtu, nyumba ya mtu inaanguka.

Fanya mchoro wako. Vaa sweta.

Kang'ethe


York, 16 Januari 1955

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Ngendo, kwa nyanya. Theluji imeanguka tangu Jumatatu na mwenye nyumba ameniazima makoti mawili ya marehemu mumewe. Navaa yote.

Nilisoma barua yako mara nyingi. Kumbe ni mimi niliyekufunga. Mimi na ghala langu. Ningekuwa sikuandika habari ya zile namba, ungepita na miti yako kama mtu mwingine.

Niliomba nauli ya kurudi mapema. Nimejibiwa kwa mstari mmoja, kwamba tiketi yangu ni ya Julai na haibadiliki. Niliandika barua kwa ofisi nyingine kueleza zile nguzo ni nini, nikatia na mchoro wa ghala letu, waone jinsi alama zinavyofanana. Hawajajibu. Wiki iliyopita gazeti lilitoa picha ya vijiji vipya vya Kiambu, wilaya yetu, kutoka angani. Kijana mmoja wa hapa ofisini, si mtu mbaya, aliileta mezani kwangu anifurahishe. "Tazama mistari ilivyonyooka," akasema. Nilitafuta mstari wa tatu. Mapaa yote yalikuwa sawa.

Ghala lilisimama tena mwezi wa kumi na moja. Halikupotea hata ubao mmoja. Watu walikuja na watoto, wakanywa chai ndani.

Mchoro wa nyumba ya nyanya niliumaliza na umekubaliwa. Uko kwenye kabati refu la chuma, lenye namba, na ukishaingia mle hauguswi tena. Wanasema hata baada ya miaka mia mtu atauona. Nakutumia nakala. Mlango sikuwa nao, na hukunijibu, kwa hiyo nimeuweka kwa nukta nukta tu, kama tunavyofanya tusipojua.

Mpe nyanya auone. Mwekee kidole chake mahali kitanda kilipo, ataelewa. Kisha uniambie alisemaje. Neno lake tu, mjomba, usiongeze lako.

Zacharia


Ruiru, 20 Machi 1955

Mpwa wangu Zacharia,

Ngendo ni mzima. Mimi ni mzima. Muasya ni mzima, na mtoto wake anasimama kwa kushika ukuta. Salamu zimekwisha hapo.

Zile salamu za Oktoba, za sweta na kutokuoa, nilizitunga mimi. Mama alikuwa amefariki tarehe tatu Septemba. Nilikuwa nimefungiwa bado, siku ya sita, nikidhani nimemcheka mtu na Matendo ya Mitume. Sikuambiwa mpaka nilipotoka. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa na mchoro wa kumaliza. Halafu Krismasi ikapita nikaendelea kukuficha, hapo sikuwa na sababu. Ulisema nisiongeze neno langu kwenye lake. Hakuna lake.

Ngendo ndiye aliyekuwa naye. Walitiwa wanawake wanne katika nyumba moja. Hakuwa mgonjwa hasa. Tatizo lake lilikuwa kwamba kila akiamka alielekea kushoto kwenye stoo yake na kugonga ukuta, kwa sababu nyumba hizi hazina stoo. Anarudi, anakaa, anasahau, anainuka tena kushoto. Paji la uso lilivimba. Ngendo akawa anamshika mkono, lakini Ngendo naye alikuwa na zamu ya handaki. Moto wa kigae ulidumu wiki mbili, halafu kukatoka amri moto wote uzimwe kabla ya kafyu, na mmoja wa wale wanawake akaumwagia maji kwa hofu. Simlaumu.

Zamani mtu akifia ndani ya nyumba, nyumba ile iliachwa, hailaliwi tena. Wale watatu walilala humo siku hiyo hiyo. Wangekwenda wapi.

Wala usiseme ni wewe uliyenifunga. Mimi nilikuwa na mdomo huu kabla hujazaliwa.

Mchoro ulifika haujakunjwa vibaya. Niliutandaza juu ya kitanda, nikaweka kidole changu mwenyewe mahali ulipotaka kidole chake. Kitanda ni sahihi. Stoo iko kushoto. Nikazihesabu nguzo, zote kumi na tisa, hakuna iliyopinduliwa. Umechora vizuri, mtoto wa Njambi. Ningependa kukucheka mahali, nimetafuta, sijapata, isipokuwa zile nukta. Mlangoni pa mama yangu kuna nukta nukta, kama mtu asiyejua angeingilia wapi.

Sikukujibu habari ya mlango kwa sababu karatasi yangu ilikwenda na wembe, na nguzo mbili za mlango ndizo zile za chooni, zimechimbiwa chini sijui kina gani. Lakini nimemwona akiingia pale tangu nikiwa wa kubebwa. Andika hivi: urefu, alikuwa anainama mpaka kidevu kikaribie kifua. Upana, mtu peke yake anapita amenyooka mabega, mwenye mzigo wa kuni anageuka ubavu, kuni zinakwaruza kulia, na kwa kulia mti ulikuwa umelika kidogo, laini kama mpini wa jembe. Bwana Hartley atajua hiyo ni inchi ngapi.

Najua ulisema kabati haliguswi. Sasa sikiliza. Mwaka ule ulipolamba asali ya mchungaji, wewe na miaka yako saba, ukaja kwangu na kidevu kinang'aa, nani alisema ni yeye? Nilinyimwa Meza ya Bwana miezi sita mizima, mimi mtu mzima, mbele ya kanisa lote la Ruiru, kwa asali ambayo sikuionja. Sijawahi kukudai. Leo nakudai. Umekaa na hao watu mwaka mzima, ufunguo wa kabati utakuwa unajua unapotundikwa. Ngoja watoke kunywa chai. Futa zile nukta, Zacharia, umchoree nyanya yako mlango, na uuchore ukiwa wazi.

Mjomba wako,
Kang'ethe wa Muigai